Kiwewe na Usingizi (2): Kwa Nini Usiku Huwa Mrefu

Juma lililopita tuliona jinsi tukio la kutisha linavyoweza kumwachia mtu ugonjwa wa kiwewe. Leo tuutazame usiku wake.

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, yakaua zaidi ya watu 200. Manusura wa balaa kama hilo anaweza kupona majeraha yote, lakini mlango ukijibamiza usiku akakurupuka, jasho likimtiririka. Ubongo wake umekuwa kama mlinzi asiyepokewa zamu.

Katika usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope, noradrenalini, kemikali inayouandaa mwili kukabili hatari, hupungua sana. Watafiti wengi wanaamini kwamba kwa mwenye kiwewe haipungui inavyopaswa, hivyo jinamizi humgutusha tena na tena. Hatimaye huanza kukiogopa kitanda chenyewe. Hukesha kwa makusudi, na uchovu wa kukesha humzidishia hofu mchana.

Ilidhaniwa kwamba kiwewe kikitibiwa, usingizi utarudi wenyewe. Wengi hawakuupata. Kwa hiyo usingizi nao unadai tiba yake.

Prazosini, dawa ya shinikizo la damu, ilileta matumaini makubwa, ila utafiti wa mwaka 2018 uliohusisha wanajeshi wa zamani wapatao 300 wa Marekani haukuona ikizidi kidonge kisicho na dawa. Njia nyingine haihitaji kidonge: mgonjwa huandika jinamizi lake, hulibadilisha apendavyo, kisha huirudia hadithi mpya akilini kila siku akiwa macho. Mwaka 2001 daktari Barry Krakow na wenzake walionyesha kuwa njia hiyo ilipunguza majinamizi kwa wanawake waliowahi kudhulumiwa kijinsia. Husaidia pia kuamka saa ileile kila siku, na kuondoka kitandani usingizi unapogoma.

Pombe si tiba. Humlaza mtu upesi, kisha humvurugia usingizi usiku wa manane.

Ukiona ndugu yako anaweweseka kwa zaidi ya mwezi baada ya ajali, vita au kubakwa, usimwambie asahau, wala usikimbilie kusema ana pepo. Mpeleke kliniki ya afya ya akili, naye amweleze daktari habari za usingizi wake hata asipoulizwa.

Juma lijalo: watoto na kiwewe.