Kuendeleza na Kujiendeleza

Katika nyaraka za ofisi, maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni istilahi moja. Yafaa yatenganishwe, kwani tofauti yake si ya sauti tu, bali ni ya wajibu.

Shina ni endelea. Likitiwa kiambishi cha kusababisha, twapata endeleza: mtendaji ni mwajiri, na mtendewa ni mfanyakazi. Tukiongeza -ji-, mtendaji na mtendewa huwa mtu mmoja. Basi mfasiri aandikapo “wafanyakazi wajiendeleze” mahali palipokusudiwa “mwajiri awaendeleze wafanyakazi”, ada ya masomo na saa za kusomea zimekwisha kuhamishiwa kwa karani. Agizo la Waziri Mkuu wa Tanzania la mwaka 1973 lilitaka mahali pa kazi pawe pia mahali pa elimu ya wafanyakazi. Huko kulikuwa kuendeleza, si kujiendeleza peke yake.

Vivyo hivyo, mafunzo ya kazi si lazima yawe mafunzo kazini. Kijana anayejifunza useremala chuoni hupata mafunzo ya kazi, ingawa hajaajiriwa. Mwalimu aliyemo kazini, anapohudhuria semina ya muhtasari mpya, hupata mafunzo kazini.

Hatusemi kwamba kujiendeleza kusihimizwe. Kuhimizwe sana; ila waraka utakaolitumia neno hilo utaje pia mwajiri atatoa nini: muda, ada au vitabu. Kiambishi kimoja kisiwe pazia la kufichia wajibu.