Simu Inajua Kiasi, Daftari Linajua Sababu

Blanketi la viraka halishonwi kwa siku moja. Fundi wa Kitale anaanza kwa kukusanya vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mafundi wa nguo. Anavichambua kwa rangi, anavikata miraba, anaviunga kimoja kimoja. Kisha anaweka blanketi jepesi katikati, kitambaa kingine chini, na kupiga mshono unaoshika tabaka zote tatu. Ni kazi ya wiki mbili au tatu, hasa kama meza hiyo hiyo inapokea sare za shule na marinda ya kurekebisha. Wateja hawakosi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai haihitaji kutangazwa.

Wateja wengine wako mbali kidogo, Bungoma. Wanaagiza kwa simu, wanatuma kianzio, na blanketi likiisha linapakiwa kwenye matatu inayopita Kiminini na Webuye. Wengi wao fundi hajawahi kuwaona uso kwa uso. Kati ya siku ya kutuma kianzio na siku ya kupokea mzigo, karibu mwezi mzima unapita.

Hapo katikati ndipo pesa inapopotelea. Mara nyingi hakuna mwizi yeyote. Kuna watu wawili waaminifu waliosahau.

"Si nilikutumia elfu mbili?"

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kanduyi, Bungoma, anaagiza blanketi la shilingi 4,500. Simu yake haina salio siku hiyo, kwa hivyo anamwomba kijana wa dada yake atume kianzio cha shilingi 2,000. Fundi anapokea meseji akiwa kwenye cherehani, anaitazama, anasema "sawa", anaendelea na kazi.

Wiki tatu baadaye blanketi limeisha. Fundi anapiga simu.

"Mama, kazi iko tayari. Ni elfu nne na mia tano."

"Elfu nne? Si nilikutumia elfu mbili, fundi?"

"Nimeangalia, mama. Jina lako silioni."

Fundi hadanganyi. Jina la mama kweli halipo, kwa sababu pesa ilikuja kwa jina la kijana. Tena simu ya fundi ni kabambe, na meseji za mwezi uliopita alizifuta ili nyingine zipate nafasi. Mama naye hadanganyi. Lakini hakumbuki kama ilikuwa tarehe 12 au 14, na kijana aliyetuma amesafiri. Sasa mmoja anaona ameibiwa, mwingine anaona anachezewa. Blanketi linabaki kwenye rafu, na kazi ya wiki tatu haijalipwa.

Kichwa hakikuumbwa kuwa stakabadhi

Kusahau kwa namna hii si uzembe. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima amebaki na ngapi. Ndani ya saa moja, zaidi ya nusu ya alichojifunza kilikuwa kimepotea. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller naye aliandika kwamba akili inaweza kushika vitu saba hivi kwa wakati mmoja, ikizidi au kupungua kidogo. Nambari ya simu ya Kenya ina tarakimu kumi.

Sasa mweke fundi mwenye oda sita mkononi, kila moja na kipimo chake, rangi zake, kianzio chake na tarehe yake. Hata awe na akili kali namna gani, kitu kitadondoka. Wazee walishaliona hilo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini si kila kitu kiko kwenye simu?

Hapa wengi wetu tunajidanganya. Tangu M-PESA ianze nchini Machi 2007, tumezoea kuona meseji kama risiti. Na kweli ni risiti nzuri. Inataja kiasi, tarehe, saa, jina la aliyetuma na nambari ya muamala. Hata ukiifuta kwenye simu, kumbukumbu inabaki kwenye mfumo, na unaweza kuomba taarifa ya akaunti yako. Kwa M-PESA, anzia *334# au programu ya simu.

Lakini soma tena ile meseji ya shilingi 2,000. Haisemi ni kianzio. Haisemi ni blanketi la bluu la futi tano kwa sita. Haisemi kijana alituma kwa niaba ya mama yake mdogo wa Kanduyi. Wala haisemi kwamba bado kuna deni la 2,500. Simu inajua kiasi, sababu haiijui. Sababu aliijua fundi kwa dakika tano, kisha ikaenda.

Kwa hivyo hatukuambii uache simu urudi kwenye karatasi, wala uache karatasi uhamie kwenye simu. Ni mashahidi wawili, na kila mmoja anajua asichokijua mwenzake. Ukiwa na mmoja tu, kesi yako ina pengo.

Mstari mmoja kwa kila pesa

Nunua daftari gumu lenye mistari, liweke karibu na cherehani, na kalamu ifungwe kwa uzi. Pesa ikiingia, kabla mguu haujarudi kwenye pedali, andika mstari mmoja wenye mambo haya:

- tarehe;
- aliyeagiza, na aliyetuma kama ni mtu mwingine;
- kiasi, na ni cha nini;
- nambari ya muamala, zile herufi na tarakimu kumi zilizo mwanzoni mwa meseji;
- deni lililobaki.

Mstari wa mama wa Kanduyi ungekuwa hivi: "14/6. Mama wa Kanduyi, ametuma kijana wa dada yake. 2,000, kianzio, blanketi la bluu 5 kwa 6. Baki 2,500." Ongeza nambari ya muamala na umemaliza. Haifiki dakika moja. Ubishi ukitokea, daftari linakupa tarehe na nambari, na hizo mbili zinakupeleka moja kwa moja kwenye taarifa ya akaunti. Bila daftari ungesoma miamala ya mwezi mzima ukitafuta jina ambalo hata halipo.

Wewe mteja pia una kazi ndogo. Ukituma kwa simu ya mtu mwingine, mpigie fundi papo hapo umwambie: "Hiyo iliyoingia kwa jina la fulani ni yangu." Halafu usiifute meseji hadi mzigo ukufikie.

Jioni, kabla ya kufunga, angalia salio lako na uliandike chini ya mistari ya siku hiyo. Zoea hili lina faida nyingine. Matapeli hutuma meseji ya uongo inayofanana na ya kweli, kisha wanapiga: "Nimetuma kimakosa, tafadhali nirudishie." Wanategemea kwamba una haraka na hukumbuki ulikuwa na pesa ngapi. Aliyeandika salio la jana na mistari ya leo hababaishwi. Anaangalia salio, analinganisha, anajua. Na usiachilie mzigo kwenye matatu kwa sababu ya meseji uliyoonyeshwa na mtu. Salio lako ndilo lenye neno la mwisho.

Kitu kimoja kisichoingia kwenye daftari

PIN. Daftari la dukani linasomwa na msaidizi, na mtoto anayesubiri baada ya shule, na mteja anayeegemea meza. Usiiandike humo, wala nyuma ya simu, wala usimwambie wakala "nisaidie kubonyeza".

Tarakimu nne si nyingi. Inasimuliwa kwamba Mwingereza John Shepherd-Barron, ambaye mashine yake ya kutoa pesa ilianza kazi katika benki moja ya London mwaka 1967, alitaka tarakimu sita. Mkewe akamwambia yeye anaweza kukumbuka nne tu, na nne zikabaki. Chagua nne ambazo wewe unazijua kwa sababu yako mwenyewe. Mwaka wa kuzaliwa usiutumie, kwa maana uko kwenye kitambulisho, na simu na kitambulisho mara nyingi hupotea pamoja. Ukiisahau PIN, usibahatishe hadi ifungwe. Wasiliana na huduma kwa wateja ukiwa na kitambulisho. Na sisi hatutakupigia simu kukuuliza PIN yako. Anayeuliza si sisi.

Kosa likishatokea

Umetuma kwa nambari isiyo sahihi? Usingoje kesho. Kwa M-PESA, sambaza meseji ya muamala huo kwenda 456 mara moja. Mpokeaji akishaitoa au kuitumia pesa, kuirudisha kunakuwa kugumu. Afadhali zaidi, lisome jina linalojitokeza kabla ya kukubali kutuma. Ukiona jina usilolijua, simama umpigie mwenyewe.

Simu imepotea kwenye matatu? Tumia simu ya jirani kuomba laini ifungwe. Pesa haikai ndani ya simu, iko kwenye akaunti. Utaipata ukirudishiwa laini kwa kitambulisho chako. Lakini meseji zilizokuwa kwenye simu zimeenda nayo, na siku hiyo daftari pekee ndilo litakalokuambia nani anakudai na nani unamdai.

Na laini ya zamani uliyoitupa kwenye kopo la vifungo, je, ilikuwa na pesa? Kenya ina sheria ya mwaka 2011 kuhusu mali za kifedha zisizodaiwa. Pesa isipoguswa kwa muda uliowekwa, hupelekwa kwa mamlaka iitwayo UFAA, ambayo huitunza hadi mwenyewe aidai. Piga *361# uangalie kama kuna iliyo kwa jina lako. Fanya hivyo pia kwa ajili ya mzazi aliyefariki. Familia nyingi hazijui kama marehemu alikuwa na akiba kwenye simu.

Usingoje mwanzo wa mwezi wala daftari la kupendeza. Chukua pesa ya mwisho iliyoingia leo, iandikie mstari wake: nani, ngapi, ya nini, imebaki ngapi. Kesho andika inayofuata.