Kijiko cha Kwanza Huanza kwa Shauri



Tulipopanda Chawia hivi karibuni kwa darsa ya akina mama, swali la kwanza halikuhusu swala wala saumu. Mama kijana, mwanawe wa miezi mitatu amelala kifuani, alituuliza: "Sheikh, mavyaa anasema mtoto analia kwa njaa, apewe uji. Nikikataa, nitakuwa nimemvunjia heshima?" Mavyaa mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mkeka huohuo, kimya.

Hatukuweza kumjibu upesi, kwani swali hilo lilipata kuingia nyumbani mwetu. Kifungua mimba wetu alinyweshwa uji mwepesi akiwa na miezi miwili. Nyanya yake aliamuru, mama yake akalia, nasi tukanyamaza tukidhani kunyamaza ndiyo adabu. Mtoto akaharisha hadi akabaki mifupa. Mwenyezi Mungu alimnusuru, lakini kimya kile kingali kinatusuta.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, imeweka miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya hapo, imewataka waridhiane na kushauriana. Basi baba hana ruhusa ya kujitoa katika jambo hili.

Husimuliwa pia kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amridhie, alisikia usiku mmoja mjini Madina mtoto akilia bila kukoma. Mama yake, asiyejua anasema na nani, alieleza kuwa anamwachisha ziwa kwa nguvu, kwa sababu Umar hampi posho ila mtoto aliyekwisha acha kunyonya. Umar alilia katika swala ya alfajiri, kisha akatangaza kwamba kila mtoto wa Waislamu apewe posho tangu kuzaliwa. Ikiwa Khalifa alikiri kosa lake, sisi ni nani tuone haya kukiri letu?

Wataalamu wa tiba nao wamelipambanua. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6, kisha aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Uji wa mapema humpunguzia hamu ya ziwa, na maji na vyombo visivyo safi humletea maradhi. Wala si kila kilio ni njaa. Huenda ni usingizi, joto, au kutaka kubebwa. Mwenye shaka na ampeleke kliniki akapimwe uzito.

Ikitimia miezi 6, kuchelewa nako ni dhuluma, maana akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua. Na Chawia haikunyimwa neema: kuna ndizi, viazi vitamu, parachichi, maharagwe na mboga. Hata kimanga cha wakubwa humfaa, akitengewa fungu lake kabla ya chumvi na kupondwa hadi kilainike. Aanze na vijiko 2 au 3, mara 2 hadi 3 kwa siku, chakula kiwe kizito kisichochuruzika. Aongezewe yai lililoiva sana, maini, na samaki aliyetolewa miba. Asali asionjeshwe kabla ya mwaka mmoja. Mahindi yenye ukungu yasisagwe kabisa. Mwaka 2004 sumu yake iliua watu 125 katika nchi yetu, wengi wao Makueni na Kitui.

Na kila kijiko kitanguliwe na Bismillahi, mtoto akue akiijua.

Tulimwambia yule mama kwamba hakumvunjia mtu heshima, ila jibu lake liwe la upole. Mavyaa akauliza miezi sita itatimia lini. Tukahesabu: imebaki mitatu. "Basi kijiko cha kwanza nitampa mimi," akasema, na mkwewe akacheka.

Mwenyezi Mungu atulindie vizazi vyetu. Amin.