Kuchomelea difu ili tairi zote mbili zivute: inafanyikaje na itakugharimu nini

Kama umewahi kupanda Hiace wakati wa masika, hii umeiona. Gari imezama kwenye tope, dereva anakanyaga mafuta, tairi moja la nyuma linazunguka kama feni na kuwarushia tope abiria walioshuka kusukuma. Lile jingine limetulia tuli, kama vile halihusiki.

Watu husema gari haina nguvu. Nguvu ipo. Shida ni difu.

Difu ya kawaida inagawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, kushoto na kulia. Tatizo ni kwamba tairi lililo kwenye utelezi halihitaji nguvu nyingi ili lizunguke, na lile lenye mshiko linapewa kiasi hicho hicho kidogo. Kwa hiyo la kwenye tope linazunguka bure na la kwenye ardhi kavu linakosa nguvu ya kuisogeza gari.

Kwa nini basi watengenezaji wameiweka hivyo? Kwa sababu ya kona.

Piga hesabu kidogo. Kwenye gari nyingi ndogo, umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia ni kama mita 1.5. Ukikata kona ya nyuzi 90, iwe kali au pana, tairi la nje linatembea karibu mita 2.4 zaidi ya la ndani. Tairi la 195/65 R15 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2. Yaani kwenye kona moja tu ya mtaani, tairi la nje linatakiwa lipate zaidi ya mzunguko mmoja wa ziada. Difu ndiyo inayoruhusu hilo.

Sasa, ukienda kwenye magari yenye difu loku ya kiwandani, kama baadhi ya Hilux na Land Cruiser, dereva anabonyeza au anazungusha swichi, matairi yote mawili yanafungwa pamoja, anatoka kwenye tope, kisha anaifungua. Gari yako kama haina hiyo swichi, mtaani kuna jibu la bei rahisi: chomelea.

Wapenda drifti wanalijua hili vizuri, maana bila matairi yote mawili ya nyuma kuzunguka pamoja, gari haiserereki inavyotakiwa. Marekani wameipa jina la utani, Lincoln Locker, kutokana na chapa ya mashine za kuchomelea.

Kazi yenyewe iko hivi. Difu inashushwa, inafunguliwa na kuoshwa oili yote, kwa sababu chuma chenye oili hakishiki weldi. Chuma kinapashwa moto kwanza, halafu zile gia ndogo za katikati zinaunganishwa na gia za pembeni mpaka ziwe kitu kimoja. Waya wa ethi unabanwa kwenye difu yenyewe, umeme usije ukapita kwenye beringi na kuziharibu. Inaachwa ipoe taratibu, cheche zilizoganda zinasafishwa zote, oili mpya inawekwa.

Ukiona fundi anaruka hatua ya kupasha moto, ondoka na difu yako. Gia hizo ni chuma kilichokomazwa. Ukichoma haraka haraka kinakuwa kigumu na rahisi kupasuka kama glasi, na kipande kikidondoka kati ya krauni na pinioni, matairi ya nyuma yanaweza kujifunga ukiwa kwenye mwendo. Hapo hatuzungumzii tena gharama ya spea.

Hata weldi ikiwa nzuri, kumbuka ile mita 2.4. Haijaenda popote. Difu ikishafungwa, kila kona ya lami lazima tairi mojawapo liburuzwe. Matairi yanakwisha mapema, hafu shafti zinapata msokoto ambao hazikuundiwa, na ukiegesha gari unasikia kelele na miruko huku nyuma. Kwenye lami yenye maji ndiyo mbaya zaidi: mara gari inataka kwenda moja kwa moja wakati umekata usukani, mara matairi yote mawili ya nyuma yanaachia kwa pamoja. Kwa gari ya uwanjani, sawa. Kwa gari inayobeba watoto kwenda shule au abiria, mimi nasema hapana.

Wapo wanaoepuka weldi na kuweka washa nene nyuma ya gia za pembeni ili zibanane. Inasaidia kwa muda. Baadaye washa zinasagika, na ule unga wa chuma unazunguka ndani ya oili. (Na gari kama Vitz au Passo zinazovuta kwa mbele? Usithubutu. Huko difu iko kwenye matairi yanayokata kona, usukani utapigana na wewe.)

Kama shida yako ni tope la miezi mitatu tu, jaribu kwanza hendibreki. Tairi likianza kuzunguka bure, vuta hendibreki kidogo, meno mawili matatu, huku unakanyaga mafuta taratibu. Breki inalipa lile tairi tele kazi ya kufanya, na kwa kuwa difu inagawa sawa kwa sawa, la upande mwingine nalo linapata nguvu zaidi. Si muujiza, ila mara nyingi linatosha kukutoa. Haifanyi kazi kwenye gari ambazo hendibreki inashika propela shafti, kama Land Rover za Defender, na usiivute muda mrefu, viatu vya breki vitaungua.

Halafu kuna upande wa mnunuzi. Mark II, Chaser na Altezza zilizochezewa drifti huishia sokoni kama gari nyingine yoyote, na siyo kila muuzaji atakwambia. Kuitambua ni rahisi. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, nyanyua nyuma yote kwa jeki na uiweke kwenye stendi imara. Gia iwe P, hendibreki chini. Zungusha tairi moja kwa mkono. Difu nzima: tairi la pili linazunguka kinyume. Iliyochomelewa: halisogei kabisa.

Difu maalumu za kiwandani nazo zinaweza kuwa ngumu kuzungusha, kwa hiyo ulizia kwanza gari ilikuja na ipi. Ikigoma na muuzaji hana maelezo, toa bei ya difu nyingine kwenye ofa yako kabla hamjakubaliana.