Mtungi una mkaguzi wake, mpira je?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita)

Ndugu wasikilizaji, leo nawaomba tuingie jikoni. Hatuendi kuonja mchuzi. Tunakwenda kuinama nyuma ya jiko la gesi, mahali ambapo fagio hufika kwa nadra, tukautazame ule mpira unaotoka kwenye mtungi kwenda kwenye jiko.

Nianze na swali. Tangu uanze kupikia gesi, umebadilisha mtungi mara ngapi? Pengine mara kumi, pengine thelathini. Kila gesi inapokwisha, mtungi mtupu unakwenda dukani na mwingine uliojaa unakuja. Ule mtupu hurudi kwa kampuni, na huko, kabla ya kujazwa tena, hutakiwa kutazamwa kama umebonyea, kama umeliwa na kutu, kama vali yake inavuja. Baada ya miaka kadhaa hutakiwa kupimwa upya kwa mgandamizo, kuona kama chuma chake bado kina nguvu. Kwa ufupi, mtungi una daktari wake.

Sasa niambie, mpira na regulata vina daktari gani? Vyenyewe havitoki nyumbani. Vilifungwa siku ulipolinunua jiko na hadi leo vipo pale pale. Hakuna kampuni inayoviona wala mkaguzi anayejua kama vipo. Mkaguzi wake ni wewe mwenye jiko. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Kwanza tuifahamu gesi yenyewe. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Si ile gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda juu. Hii ya mitungi ni nzito. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, na butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi, bali hushuka, ikatambaa sakafuni, ikajikusanya chini ya kitanda, chini ya kabati na kwenye mashimo ya maji machafu. Dirisha la juu pekee haliitoi. Mlango ndio unaoitoa.

Ndani ya mtungi gesi hiyo imeshindiliwa hadi ikawa maji. Lita moja ya maji hayo ikitoka nje huwa gesi ya lita 250 hivi. Na gesi ikishafika sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za hewa ya chumbani, cheche moja yatosha. Kwa hiyo tundu dogo kwenye mpira si jambo dogo.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya ya yai viza hutiwa kwa makusudi ili pua ikuonye. Dunia iliujifunza umuhimu wake kwa machozi. Tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London katika jimbo la Texas, Marekani, iliyokuwa ikipashwa joto kwa gesi asilia isiyo na harufu, ililipuka wanafunzi wakiwa madarasani. Watu wapatao 300 walikufa, wengi wao watoto. Gesi ilikuwa imejaa chini ya sakafu na hakuna aliyeinusa. Mwaka huo huo Texas ikatunga sheria ya kutia gesi harufu, na nchi nyingine zikafuata. Basi unapoisikia harufu ile jikoni, usiseme, "Ah, gesi ndivyo inavyonuka." La hasha! Gesi iliyofungwa sawasawa hainuki. Tena usingoje, maana pua huzoea, na ukikaa nayo nusu saa utadhani imeondoka.

Sasa tuvitazame vifaa kimoja kimoja, tukianzia kwenye mtungi.

Cha kwanza ni kile kimpira cha duara ambacho mafundi hukiita oringi au washa. Ndicho kinachoziba mahali regulata inapoungana na mtungi. Katika mitungi mingi kimo ndani ya mdomo wa vali, maana yake ni kwamba kila mtungi unaoletwa una cha kwake. Ndiyo sababu regulata ile ile ambayo jana haikuvuja, leo inavuja kwa mtungi mpya. Kabla ya kuufunga, tazama mdomoni. Kama kimpira hakipo, kimekatika au kimekauka, rudisha mtungi ubadilishiwe. Usikichokonoe kwa msumari, na usitie kipande cha tyubu ya baiskeli.

Cha pili ni regulata. Kazi yake ni kuituliza gesi. Ndani ya mtungi mgandamizo waweza kuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa tairi la gari dogo, hasa kwenye joto letu. Jiko la nyumbani linahitaji kidogo sana. Chukua mrija, uuzamishe kwenye ndoo ya maji kina cha sentimita 30, kisha upulize mpaka mapovu yatoke. Nguvu hiyo ya mashavu yako ndiyo karibu mgandamizo wote linaouhitaji jiko. Ndani ya regulata kuna utando laini na springi vinavyofanya kazi hiyo usiku na mchana. Utando ukichoka, gesi hupita kwa nguvu, moto hunguruma na kuruka kutoka kwenye bana. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 hivi, lakini sisi wa pwani, wenye chumvi hewani, kutu hutufikia mapema. Ukiona kutu, au swichi yake imelegea, usiirekebishe. Regulata haifunguliwi wala haishonwi, hununuliwa mpya. Na usinunue ile ya presha kubwa ya majiko ya mama lishe ukaifunga kwenye jiko la nyumbani, hata kama muuzaji anakuambia moto utakuwa mzuri.

Cha tatu ndicho mpira wenyewe. Fundi mmoja wa majiko pale Kinondoni alinionyesha mpira alioutoa kwenye nyumba ya mteja wake. Kwa kuutazama ulikuwa mzima, rangi yake ya chungwa imefifia kidogo tu. Akaukunja mbele yangu, na penye mkunjo ikafunguka mistari midogo midogo, kama magaga ya kisigino. Mpira huo ulikuwa umepikiwa chakula cha watoto asubuhi ile ile.

Mpira wa gesi huandikwa ubavuni kuwa ni wa gesi, pamoja na mwaka uliotengenezwa, na mara nyingine mwaka wa kuutupa. Kama umeandikwa mwaka wa kuutupa, uufuate. Kama haukuandikwa, usiuache uzidi miaka mitano, na ukikauka au kupasuka kabla ya hapo, uondoe siku hiyo hiyo. Mpira wa maji wa bustanini si mbadala wake, maana gesi huula ndani kwa ndani, ukakakamaa na kupasuka. Usiwe mrefu kupita mita moja na nusu, usipite nyuma ya oveni penye joto, na usikandamizwe na mguu wa jiko. Panya nao wakague kabla hawajakukagua wewe. Kila ncha ifungwe kwa klipu ya chuma ya kukaza kwa bisibisi. Waya na uzi haviruhusiwi hapa.

Cha nne ni bana, pale moto unapotoka. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa njano na sufuria inapata masizi, gesi haipati hewa ya kutosha, na hapo hutoka hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua watu usingizini. Mara nyingi sababu ni uji uliofurika, masizi, au utando wa buibui ndani ya bomba la bana. Toa bana likiwa limepoa, lisugue kwa brashi na maji ya sabuni, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Kile kitundu chembamba kinachopitisha gesi usikipanue kwa sindano nene, kwani kikipanuka hakirudi.

Kuubadilisha mpira si kazi ya ajabu. Funga vali ya mtungi, uache moto wa jikoni umalize gesi iliyobaki mpaka uzimike wenyewe, kisha ufunge vitufe vyote. Fungua mlango na madirisha, hakikisha hakuna mshumaa wala mkaa unaowaka karibu. Legeza klipu, toa mpira wa zamani, sukuma mpya mpaka mwisho wa mdomo wake, kaza klipu. Mtungi usimame wima daima, maana ukilala gesi ya maji huingia kwenye regulata. Wa zamani ukatekate vipande kabla ya kuutupa, asije mtu akauokota na kuutumia.

Halafu upime. Si kwa kiberiti, kama nilivyopata kuona watu wakifanya! Changanya sabuni na maji yapate povu, fungua vali, paka povu kwenye vali, regulata, klipu na urefu wote wa mpira. Mapovu yakifura na kukua, panavuja. Funga, kaza, upime tena. Yakiendelea, ita fundi. Kijana anayekuletea mtungi kwa bodaboda mwombe asiondoke kabla povu halijapakwa.

Na ikiwa umerudi nyumbani ukakuta nyumba inanuka gesi? Usiwashe taa, na kama inawaka usiizime, maana swichi hutoa cheche ikienda juu na ikienda chini. Usiguse feni. Fungua milango, funga vali ya mtungi kama unaweza kuifikia, toa watoto na majirani nje, na simu uipigie huko nje. Zimamoto ni namba 114.

Wenzetu wa Uingereza, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila za gesi, hawakuliacha jambo hili kwa hiari ya mtu. Kanuni zao za mwaka 1998 zinamtaka mwenye nyumba ya kupangisha akaguzishe vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12 kwa fundi aliyesajiliwa, na mpangaji apewe hati ya ukaguzi. Kwetu mpangaji huja na jiko lake, na huondoka nalo na mpira wake.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, maana moshi wa kuni na mkaa umewaharibu mama zetu macho na vifua. Lakini kadiri mitungi inavyoongezeka vyumbani, mipira nayo inaongezeka, na kila mmoja umeanza kuhesabu umri wake tangu siku ulipotengenezwa. Kila anayegawa au kuuza mtungi aeleze pia habari ya mpira, na kila duka la gesi liwe na mpira halali wa kuuza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa leo hauzibwi. Mpira hauwekwi kiraka, hubadilishwa, na bei yake ni ndogo kuliko ya kujaza mtungi mara moja. Basi usiku wa leo, moto ukishazimwa na vyombo vikishaoshwa, chukua tochi uiname nyuma ya jiko, usome mwaka ulioandikwa ubavuni mwa mpira wako. Kama huuoni tena kwa kufutika, jibu umekwisha kulipata.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.