Nyumba Ikiharibika: Hatua za Mwanzo

Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 lilifukia nyumba na mali mjini Katesh. Ndugu mwananchi wa Maretadu na kwingineko, maafa yakikufika, tunakushauri uokoe kwanza maisha. Usirudi ndani kabla kuta na nyaya za umeme hazijakaguliwa. Piga picha kabla ya kuondoa tope, wala usitupe kilichoharibika mpaka mkadiria hasara akione. Funika paa kwa turubai hasara isizidi, na utunze risiti. Mjulishe mtendaji wa kijiji. Iarifu kampuni ya bima kwa maandishi, ubaki na nakala. Usitie saini hati ya malipo ya mwisho kabla ya kuridhika, maana saini hiyo huweza kufunga dai lako.