Kasanga kwa Siku Moja, na Vidonge Visivyo na Kazi

Kila likizo ya Juni inapokaribia, na tena Desemba, maduka ya dawa ya Sumbawanga hupata wateja wa aina moja. Ni mwalimu aliyekabidhiwa michango ya safari, au katibu wa kwaya, au mtu wa ofisini aliyetumwa na wenzake waliokodi Coaster ya kwenda Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Daftari liko mkononi: soda, mchele, mkaa, maji ya kunywa, mafuta ya gari. Mstari wa mwisho umeandikwa "dawa ya kichocho", na swali linalofuata ni lile lile la mwaka jana: "Shikamoo dokta. Kesho tunashuka Kasanga. Tumeze vingapi vingapi kabla ya kuingia majini?"

Sifuri.

Jibu hilo huwaudhi wateja, nao wengi huvuka barabara kwenda kuuliza duka la pili. Wakifika huko wakauziwa, wametupa fedha ambazo zingeongeza samaki kwenye jiko la mchana. Afadhali yangekuwa matumizi mabaya ya fedha tu. Tatizo ni kwamba aliyemeza huingia majini na kifua mbele, hukaa humo tangu saa nne hadi saa tisa, na miezi kadhaa baadaye hakumbuki kabisa kwamba anapaswa kupima, kwa sababu moyoni anajua yeye "alishakunywa dawa".

Prazikwanteli, ambayo Wajerumani waliigundua miaka ya 1970 na bado ndiyo dawa kuu ya kichocho duniani, inaua mnyoo aliyekomaa. Basi. Haitandazi kitu chochote kwenye ngozi, wala haikai kwenye damu ikimvizia mgeni. Ukiimeza saa 12 asubuhi stendi ya Sumbawanga, kiwango chake kwenye damu hufika kileleni ndani ya saa moja hadi mbili, kisha hushuka kwa nusu kila baada ya saa moja au moja na nusu hivi. Gari likipita Matai, likasimama watu wakanunua karanga na kupiga picha, likaingia Kasanga katikati ya asubuhi, dawa iliyobaki mwilini imeshapungua sana. Saa sita mchana, wakati watu wamejaa majini, karibu hakuna kitu. Nao mchana huo, jua likiwa kali, ndipo konokono wanaobeba kichocho cha tumbo huachia vimelea kwa wingi kuliko saa nyingine yoyote.

Kinachobaki ni maudhi ya dawa: kizunguzungu, kichefuchefu, tumbo kusokota. Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, na uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo njiani gari linateremka karibu mita elfu moja, kona baada ya kona. Abiria thelathini waliomeza dawa chungu bila kula, ndani ya gari linaloshuka bonde la ufa! Na wapo madereva ambao nao wamemeza.

Wajanja husikia maelezo haya wakabadili ratiba: "Basi tutameza jioni tukirudi." Hapana, hiyo nayo haifai. Kimelea kikishapenya ngozini, kazi inayochukua dakika chache tu, huanza safari ndefu mwilini kupitia mapafu hadi mishipa ya ini, kikikua polepole. Katika wiki hizo za ujana wake prazikwanteli haimwezi. Dawa hufanya kazi akishakuwa mnyoo mzima, ndiyo maana msafiri huambiwa asubiri wiki sita hadi nane tangu alipoyagusa maji kwa mara ya mwisho. Anayemeza usiku ule ule anapiga risasi kabla mnyama hajatoka porini, halafu anarudi nyumbani kuwaambia watoto kwamba amekwisha kuwinda.

Imani hii kwamba vidonge ni kinga ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka shuleni, na si kosa la wazazi. Katika wilaya zenye kichocho, serikali huwamezesha wanafunzi kingatiba ya kichocho na minyoo ya tumbo. Aliyewahi kuona siku hiyo haisahau. Watoto hunywa uji kwanza, kisha kila mmoja husimamishwa wima kando ya fimbo ndefu yenye alama. Pale utosi unapofika ndipo penye idadi ya vidonge: kimoja, kimoja na nusu, viwili, na kuendelea hadi vitano kwa mrefu kuliko wote. Vidonge vyenyewe ni vikubwa, vichungu, na yupo kila mara mtoto wa nyuma anayejaribu kuficha kimoja chini ya ulimi. Mzazi anaona watoto wazima wamepangwa foleni wanapewa dawa, anahitimisha kwamba ni kitu kama chanjo. Kumbe hesabu ya wataalamu ni tofauti kabisa. Mtoto wa Kasanga au Kirando anayechota maji na kuogelea kila siku huhesabiwa kuwa huenda tayari ana minyoo. Anapewa dawa iue iliyokwisha kuwamo, na zoezi linarudiwa kwa sababu kesho yake atarudi ziwani na kuipata mingine. Kama ingekuwa chanjo, pasingekuwa na haja ya kuirudia fimbo ile mwaka baada ya mwaka.

Imani ya pili ni pacha wa ya kwanza, na hii huletwa na watu wenye elimu zao: kwamba Tanganyika ni ziwa lenye kina kirefu, maji yake ni maangavu na yana magadi kidogo, kwa hiyo konokono hawaishi humo. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kina chake kinafika mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani, na maji yake kweli ni maangavu hata unaona vidole vyako. Lakini kusema halina konokono ni kulitukana. Hili ni miongoni mwa maziwa yanayosifika zaidi duniani kwa wingi wa aina za konokono, nyingi zikiwa hazipatikani penginepo popote. Wamo samaki wadogo ambao wamegeuza makombe matupu ya konokono hao kuwa nyumba, humo hutaga na kulea watoto. Wengi wa konokono hao hawana kosa lolote. Wanaobeba kichocho cha tumbo ni wa kundi jingine, nao hupenda maji tulivu yenye majani karibu na vijiji, yaani pale pale ambapo wageni huona pazuri pa kuteremshia watoto.

Kama ushahidi unatakiwa, uko kaskazini, kwenye ziwa hili hili. Huko Gombe, ambako dunia nzima huenda kuwatazama sokwe wa Jane Goodall, watafiti waliwapima nyani na kuwakuta na kichocho cha tumbo. Nyani hawana choo wala bomba, lakini wana mto, ziwa na majirani.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwa jirani, Ziwa Nyasa. Ufukwe wa Cape Maclear, upande wa Malawi, ulisifiwa kwa miaka mingi kuwa maji yake hayana kichocho: mchanga mweupe, mawimbi, maji kama kioo. Mwaka 1992 vijana wawili wa Marekani waliokuwa wakijitolea nchini humo waliugua ugonjwa wa mfumo wa fahamu, na chanzo kikaonekana kuwa kichocho walichokipata kwa kuogelea hapo. Wageni waliokuwa wakiishi Malawi walipopimwa damu baada ya hapo, takriban theluthi moja walionyesha dalili za kuwahi kuambukizwa. Wataalamu wa samaki wakaongeza jambo linalowahusu hata wavuvi wa Mkoa wa Rukwa: uvuvi ulikuwa umewapunguza samaki wanaokula konokono, na konokono wakapata nafasi. Zaidi ya hayo, huko Nyasa wapo konokono wabebaji wanaoishi hata kwenye mchanga ulio wazi, bila jani hata moja. Anayesema "hapa ni mchanga mtupu, hakuna shida" aanze kwa kuwaeleza watu wa Cape Maclear.

Kuhusu kujipaka mafuta ya taa, mafuta ya mgando, limau, au kuoga kwa sabuni kali baada ya kutoka: mafuta ya taa yanachubua ngozi, mengine si kinga ya kutegemewa. Kujikausha haraka kwa taulo kavu kunaweza kusaidia aliyeteleza akaloa mara moja, si aliyeogelea tangu asubuhi. Konyagi ya kunywa nayo haisaidii: haifiki kwenye ngozi.

Lipo na lile la mwisho: "Mimi sikojoi damu, kwa hiyo sina." Damu kwenye mkojo ni ya kichocho cha kibofu. Cha tumbo huenda kimya, pengine kuhara hapa na pale, pengine maumivu yanayodhaniwa ni vidonda, na kikiachwa miaka huliharibu ini. Wiki chache baada ya safari baadhi ya watu hupata homa, kikohozi na vipele vya kuwasha. Kipimo cha malaria kikitoka hasi wanaambiwa wapumzike, kwa kuwa hakuna aliyewauliza kama walioga ziwani, nao hawakusema.

Sasa safari yenyewe, upesi. Barabara ya Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga kupitia Matai ni kilomita 112, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja kunawezekana bila kukimbizana. Ondokeni saa 12 asubuhi na makoti. Juni na Julai uwandani kuna baridi ya kuuma na kule chini mtayavua. Jazeni mafuta mjini. Maporomoko ya Kalambo yako mpakani na Zambia, maji yakianguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Upande wetu huingiliwa kijiji cha Kapozwa, na hali ya barabara muiulize Matai kabla ya kukunja kona. Yanapendeza kuanzia Februari hadi Mei. Oktoba maji huwa yamepungua. Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wanaakiolojia walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa angalau miaka 476,000 iliyopita, habari iliyotangazwa mwaka 2023. Kalambo na ufukwe kwa siku moja inatosha. Mkiongeza Kipili, mwambao mwingine wa ziwa hili, mtalala njiani, kwani Kipili ni barabara nyingine kabisa, ya Namanyere, nayo inataka siku mbili. Ziwa Rukwa lina viboko na mamba, si mahali pa kuogelea, msidanganywe na ukaribu wa kijiji cha Muze.

Kasanga kwenyewe kuna mabaki ya boma la Wajerumani, walipopaita Bismarckburg kabla ya Waingereza kupateka mwaka 1916. Ulizeni ofisi ya kijiji kwanza. Asije mtu akaipanga siku yake kwa kutegemea kuiona meli ya MV Liemba gatini. Samaki wa kuchoma ni migebuka na kuhe, ila ulizeni msimu: mwaka 2024 uvuvi ulifungwa katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti.

Kuhusu maji, njia ziko tatu. Ya kwanza, msiingie: kaeni kivulini, kuleni samaki, tazameni ziwa. Ya pili, kodini boti yenye jaketi okozi kwa kila kichwa, mrukie maji ya kina mbali na kijiji, majani na midomo ya mito ambako pia ndiko mamba hukaa. Asubuhi ni bora kuliko adhuhuri, na kusi likivuma kati ya Mei na Agosti muache kabisa. Hatari hupungua, haiishi. Ya tatu, ogeleeni kama kawaida mkijua mnachokifanya, halafu mpime. Maji ya kuwaogesha watoto yachemshwe, au yawe yametulia kwenye pipa safi lenye mfuniko siku mbili. Anayebaki kulala achukue neti, malaria ya mwambaoni si ya kule Sumbawanga mjini.

Tarehe ya kupima iandikwe kwenye daftari lile lile la soda na mkaa. Walioogelea tarehe 20 Desemba wapeleke choo na mkojo maabara katikati ya Februari, wamwambie mhudumu kwamba walioga Tanganyika. Vikionekana vimelea, wapimwe uzito, wale kwanza, ndipo wameze vidonge.